Tafuta kwapa: namna ya kusoma viungo vya mmea

Chuma kitawi cha mwarobaini chenye urefu wa mkono, kisha uhesabu majani yake. Wengi watahesabu vile vibapa vyembamba vyenye kingo za msumeno na kufika mia na ushei. Mtaalamu wa mimea atakwambia ni manane, labda kumi. Wote wawili wamehesabu vizuri, ila hawakuhesabu kitu kimoja. Vile tunavyoviita majani ya mwarobaini, yeye huviita vijani, yaani vipande vya jani moja kubwa lililogawanyika. Kinachomwongoza si ukubwa wala umbo. Anaangalia kwapa.

Kwapa la jani ni ile pembe ya juu, pale jani linapoungana na shina lililolibeba. Wataalamu wanaotumia Kilatini huiita axilla, na maana yake ya asili ni hiyohiyo: kwapa la mtu. Ndani ya kwapa la jani la kweli hukaa jicho, kile kinundu kidogo ambacho kesho kinaweza kuwa tawi au ua. Kijani hakina jicho. Bandua kijani kimoja cha mwarobaini uchunguze kilipokuwa kimeshikana: hapana kitu. Sasa shuka na kijiti chake mpaka kinapokutana na tawi. Hapo, kwenye kona, utaona jicho limejikunyata. Basi kijiti kizima pamoja na vijani vyake vyote ni jani moja.

Nimeanza na kwapa kwa sababu naamini ndilo neno linalofungua mengine yote, na ajabu ni kwamba mara nyingi tunafundishwa sehemu za mmea bila kulitaja. Tunachorewa mche wa maharage, mishale inaelekea kwenye mzizi, shina, jani, ua, tunda na mbegu, tunakariri, tunafaulu. Halafu tunatoka nje na kukuta mmea wa kweli haufuati ule mchoro. Kiazi kiko ardhini lakini tunaambiwa si mzizi. Mgomba una shina nene kama gogo lakini tunaambiwa si shina. Tunaanza kudhani kwamba wataalamu wanapenda kubisha tu.

Hawabishi. Lugha ya jikoni na ya shambani huuliza: kitu hiki kinatufaa kwa nini? Lugha ya botania, yaani elimu ya mimea, huuliza: kimekaa wapi kwenye mwili wa mmea, na kimetokana na kiungo gani? Maswali yote mawili ni halali, na Kiswahili kina maneno mazuri ya kuyajibu yote mawili. Mkanganyiko huja neno moja, kama mzizi, tunda au mbegu, linapojibu swali la kwanza kinywani mwa mkulima na swali la pili kinywani mwa mwalimu.

Mwalimu bora wa jambo hili ni muwa. Ukiumenya unakutana na vile viduara vigumu vinavyovunja meno, navyo ni mafundo. Sehemu laini kati ya fundo na fundo ni pingili. Kwenye kila fundo lilishika jani, na kwapani mwa jani hilo kuna jicho ambalo mkulima hulilinda asilikate anapoandaa muwa wa kupanda. Hapo una shina zima la kibotania: fundo, pingili, jani, kwapa, jicho, kisha marudio. Mzizi hauna mpangilio huu. Mzizi hauna mafundo, hauna majani, wala hauna macho yaliyopangwa kwa utaratibu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kitu ni shina au mzizi, usiulize kiko juu au chini ya udongo. Tafuta mafundo na macho.

Kwa kipimo hicho, kiazi mbatata kinajieleza chenyewe. Yale tunayoyaita macho ya kiazi ni macho kweli, kwa maana ileile ya jicho la muwa. Yanazunguka kiazi kwa mpangilio kama wa nyuzi za parafujo, kila moja likiwa na kovu dogo kama unyusi pale lilipokuwa jani lisilokua. Kiazi ni ncha ya shina la chini iliyovimba kwa wanga. Kikiachwa juani hugeuka rangi ya kijani, kama mashina mengi yafanyavyo. Kiazi kitamu, ingawa tunakiita kiazi vilevile, ni mzizi uliovimba: ukikigeuza pande zote hutaona mafundo. Muhogo nao ni mzizi. Tangawizi ni shina linalotambaa chini kwa chini, na zile pete zake ni mafundo. Kitunguu maji ni shina fupi mno, kile kisahani kigumu tunachokikata na kukitupa, na vile viganda tunavyovikaanga ni vitako vya majani vilivyonenepa. Ndiyo maana kitunguu kilichosahaulika kapuni hutoa majani mabichi katikati bila kuuliza mtu.

Mgomba ndio unaodanganya wengi zaidi. Kile tunachokikata kwa panga pigo moja si shina, ni vitako vya majani vilivyokumbatiana, kimoja ndani ya kingine. Shina la kweli ni lile bonge lililo ardhini, na ndilo linalotoa machipukizi pembeni. Wakati wa kuzaa, shina hilo hurefuka, likapenya katikati ya ule mkumbatio wa majani mpaka juu, likatokeza na ua. Baada ya mkungu kukomaa, sehemu hiyo hufa na chipukizi hushika zamu. Mgomba hauna mbao, basi kibotania si mti, ni mmea wa aina ya majani uliojijenga mpaka ukalingana na mti.

Turudi kwenye majani. Jani la muhogo na jani la mbuyu yote mawili yana sura ya kiganja chenye vidole. Lakini ukifuata vidole vya jani la muhogo mpaka kwenye kikonyo, utaona vyote ni utando mmoja uliochanwa kwa kina. Hilo ni jani sahili lenye ndewe. Vya mbuyu uliokomaa, kila kidole kina mwisho wake na hubanduka peke yake bila kuharibu jirani, kwa hiyo hilo ni jani ambatani, yaani lenye vijani kama la mwarobaini. Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina mawili ya viumbe, aliuita mbuyu Adansonia digitata. Neno la kwanza ni heshima kwa Mfaransa Michel Adanson, aliyeuchunguza mti huo Senegal, na la pili maana yake ni wenye vidole. Mara nyingi jina la pili la mmea ni maelezo ya kiungo kimoja kilichomgusa mtu aliyeutaja kwanza.

Mnazi nao una jani ambatani, na hapa watu wa pwani hatuna haja ya kuazima neno kwa mtu. Kuti zima, kutoka kwenye shina mpaka ncha, ni jani moja. Uti wake mnene ni upongoo. Kile kijiti chembamba cha katikati ya kila kijani ni chelewa, ambacho hukusanywa kikawa fagio. Mwanafunzi aliyefagia uanja kwa fagio la chelewa amekwisha kushika mshipa mkuu wa kijani mkononi mwake mara elfu. Kilichobaki ni mtu kumwambia.

Sasa miiba, ambayo kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Kiswahili kina neno moja, mwiba, nalo hutosha kwa anayechomwa. Botania huona vitu vitatu tofauti, na kinachovitenganisha si ukali bali ni mahali.

Chukua tawi la mndimu. Mwiba wake unatoka kwapani mwa jani, pale jicho linapokaa. Kwapani hutoka matawi, kwa hiyo mwiba wa mndimu ni tawi lililogeuka silaha. Nenda kwenye mgunga. Miiba yake mirefu hukaa miwili miwili, mmoja huku na mmoja huku wa kitako cha jani. Mahali hapo ndipo mimea mingi huweka stipuli, vile viungo viwili vidogo kama majani vinavyolinda kitako cha jani changa. Kwa hiyo mwiba wa mgunga ni stipuli iliyokakamaa. Mwisho shika waridi. Miiba yake imetapakaa bila kujali fundo wala kwapa, na ukiisukuma kwa kidole gumba kutoka ubavuni hubanduka na kuacha kovu safi. Hiyo imetoka kwenye ngozi ya shina tu, haina mshipa unaoiunganisha na ndani.

Mtu anaweza kuuliza tofauti hizi zinamsaidia nani. Zilisaidia kutenganisha miti iliyojaa mbuga zetu. Kwa muda mrefu migunga yote iliwekwa chini ya jina moja, Acacia. Uchunguzi ulipoonyesha kwamba si ukoo mmoja, ulizuka mzozo juu ya nani abaki na jina. Kongamano la wataalamu wa mimea lililofanyika Vienna mwaka 2005 liliamua libaki kwa miti ya Australia, na lile la Melbourne mwaka 2011 likashikilia uamuzi huo. Wengi Afrika hawakufurahi, na naelewa kwa nini: mgunga wenye kichwa bapa ndio sura ya savana yetu. Miti yetu ikagawanywa, kwa sehemu kubwa, katika makundi mawili. Kundi la Vachellia miiba yake ni stipuli. Kundi la Senegalia, ambamo yumo kikwata anayeng'ang'ania nguo za wapita njia, miiba yake ni ya ngozi.

Hapa ndipo utaona kwa nini umbo halitoshi. Mgunga wa kichwa bapa, Vachellia tortilis, una miiba mirefu iliyonyooka na pia mifupi iliyopinda kama kulabu, kwenye tawi hilohilo. Mtu anayeangalia umbo atachanganyikiwa, adhani kulabu zinauhamisha kwa akina kikwata. Anayeangalia mahali ataona kwamba mirefu kwa mifupi, yote imekaa jozi pembeni mwa kitako cha jani. Ni stipuli zote. Na ndugu yake wa udongo mweusi, Vachellia drepanolobium, huvimbisha vitako vya baadhi ya stipuli hizo vikawa vinundu vyenye uwazi ndani, sisimizi wakavitoboa na kuvifanya nyumba. Upepo ukipita kwenye matundu hayo mti hupiga mluzi. Wanyama wakija kula majani, sisimizi hutoka kuutetea.

Kuhusu ua, nitapita kwa mfano mmoja tu, kwa kuwa ni ua ambalo karibu kila jiko la Kiswahili linalo ndani ya mkebe: karafuu. Karafuu ni tumba, ua ambalo halijafunguka. Loweka moja katika maji ya moto mpaka ilainike, kisha ifungue kwa ncha ya kisu. Yale meno manne juu ni sepali, walinzi wa nje. Kile kidonge cha katikati ni petali nne zilizofumbatana. Zibandue, na ndani utakuta nyuzi nyingi zimejikunja. Hizo ni stameni, viungo vya kiume vinavyobeba chavua. Katikati yake umesimama mrija mmoja wa kike, na chini yake, ndani ya kile kinachoonekana kama kijiti, imefichwa ovari, kifuko cha mbegu changa. Tumba likiachwa mtini hufunguka, petali huanguka, na ovari hunenepa kuwa tunda. Thamani ya karafuu iko katika kuiwahi kabla ya hapo. Ndipo watu wa Unguja na Pemba hukaa kuchambua, matumba upande huu, makonyo upande ule. Makonyo ni vile vijiti vilivyobeba matumba kwenye kishada, navyo havitupwi, hukamuliwa mafuta. Wachambuaji hao hutenganisha viungo viwili vya shada la maua kwa kasi ambayo mwanafunzi wa maabara hataifikia.

Tunda lina maana moja tu katika botania: ovari ya ua iliyokomaa. Utamu hauhusiki, wala saladi. Kwa hiyo bamia ni tunda, pilipili ni tunda, boga ni tunda, na punje ya mahindi ni tunda zima ambalo ukuta wake umegandamana na mbegu. Hilo halimkatazi mtu kuiita bamia mboga. Mboga ni neno la chungu, na kwenye chungu ndilo lenye mamlaka.

Nazi inastahili kuzungumzwa kwa kirefu. Tuna majina ya kila umri wake: kidaka kikiwa changa kabisa, kisha kitale, dafu lenye maji matamu, koroma inayoanza kukomaa, nazi yenyewe, na mbata ikishakauka. Lakini viungo vyake ndivyo vinavyoshangaza. Weka nazi na embe pamoja. Embe lina ganda, nyama na kokwa, na ndani ya kokwa mna mbegu. Nazi nayo ina ganda laini la nje, makumbi, kifuu, na ndani ya kifuu mna mbegu. Ni tabaka zilezile tatu za ukuta wa ovari, kwa mpangilio uleule. Makumbi ni nyama ya embe iliyoamua kuwa nyuzi, na kifuu ni kokwa. Yale macho matatu ya kifuu, ambayo hapa hayahusiani na macho ya kwapani, ni kumbukumbu kwamba ovari iliundwa na vyumba vitatu. Viwili vilikoma. Jicho lililo laini, lile tunalolitoboa kwa kidole, ndilo mlango ambao mche hupitia.

Nini basi nyama nyeupe ya nazi? Si nyama kwa maana ya embe, kwa sababu nyama ya embe ni ukuta wa tunda, na hii imo ndani ya mbegu. Ni akiba ya chakula ambayo mama mmea amemwekea mtoto. Maji ya dafu ni akiba hiyohiyo ikiwa bado majimaji, haijajigawa kuwa seli zenye kuta, na kadiri siku zinavyokwenda hujipanga ukutani kuwa nyama. Mtoto mwenyewe, yaani kiinitete, ni kile kijidude kidogo kilicho chini ya jicho laini. Nazi ikianza kuota, sehemu yake moja huvimba kuwa bonge jepesi kama sifongo linalojaza uwazi na kufyonza akiba yote. Watoto wa pwani hulila kwa raha, wala si kosa kusema wanakula kinywa cha mnazi mchanga.

Akiba ya namna hiyo imo pia ndani ya punje ya mahindi. Kinu kinapotoa sembe kinaondoa pumba, yaani ukuta wa tunda pamoja na ngozi ya mbegu, na kinaondoa kiini, yaani mtoto. Kinachobaki ni akiba pekee. Dona huacha vyote. Kwa hiyo ugali wa sembe kwa samaki wa nazi ni mlo ambao unga wake na tui lake vimetoka kwenye kiungo kimoja cha mimea miwili tofauti kabisa.

Korosho imesingiziwa kwa miaka mingi kwamba ni mbegu iliyokaa nje ya tunda. Haijakaa nje ya kitu. Ua la mkorosho likishachavushwa, ovari hukua kwanza na kuwa lile dunge la kijani lenye umbo la figo. Hilo ndilo tunda, na ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Baadaye kikonyo kilicholibeba huvimba, kikajaa maji, kikawa chekundu au cha manjano. Hicho ndicho bibo, au kanju kwa wengine. Anayekula bibo anakula kikonyo, na kimekaa pale pale vikonyo vinapokaa, kati ya tawi na tunda. Nanasi, kwa upande wake, ni maua mengi yaliyoungana, kila kijicho cha ganda kikiwa ua moja. Fenesi ni vivyo hivyo. Stafeli linafanana nayo kwa nje, lakini limetokana na ua moja lililokuwa na ovari nyingi.

Limebaki neno mbegu, nalo lina uzito kuliko yote. Kwa mkulima, mbegu ni chochote kinachotiwa ardhini kikaota: pingili za muhogo (hapa pingili ni kipande cha shina chenye mafundo yake), marando ya viazi vitamu, viazi mbatata vilivyochipua, chipukizi la mgomba. Kwa botania, mbegu hutoka ndani ya ovari baada ya chavua kufanya kazi yake, na kwa hiyo ni kiumbe kipya chenye wazazi. Pingili ya muhogo haina wazazi wawili. Ni mmea uleule wa zamani, umekatwa kipande na kuhamishwa, ukatoa mizizi chini na kuamsha macho yake ya kwapani.

Mwaka 1936 wataalamu waliokuwa Amani, kwenye milima ya Usambara, walieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. Virusi vyake, kama vile vya batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, huenezwa na inzi weupe, lakini pia husafiri ndani ya pingili, kwa sababu aliyepanda pingili amepanda mwili wa mgonjwa. Na michirizi ina hila yake: mmea unaweza kuonekana mzima juu, majani yakinawiri, huku mizizi imeoza kwa madoa makavu ya kahawia. Kwa hiyo mwenye kutafuta mbegu ya muhogo kwa jirani asiridhike na majani. Ang'oe mashina kadhaa, apasue mihogo yake katikati, aangalie rangi ya ndani, ndipo akate pingili.